Masteri ya divai na chakula: kuna faida gani kwa mtoto wa mchimbaji wa Kibabi?

Kuna masomo ambayo wazazi wa Kibabi wanayaelewa mara moja mtoto akiyataja. Udaktari, wanaelewa. Sheria, wanaelewa. Jeolojia, hata zaidi, kwa sababu huku kila mtu anajua jiwe na thamani yake. Lakini mtoto akisema anataka kusomea biashara ya divai na chakula, tena hadi masteri, mzee atauliza: "Mutu anaendaka iniversite juu ya kujifunza kula na kunywa?" Na nyumba nzima itacheka.

Sisi tunaona wanacheka mapema. Masomo hayo yanafundisha jambo ambalo Masisi imelilipia sana kwa miaka mingi bila kulisoma shuleni: bei ya kitu inategemea jina lake na karatasi yake, na anayeshika jina na karatasi ndiye anayekata bei. Mchimbaji wa coltan analijua hilo kwa mgongo wake. Tunauliza basi: je, pesa ya shimo inastahili kutumika ili mtoto alijue kwa kichwa? Na akirudi, atalifanyia kazi wapi?

Wanafundisha nini huko?

Tuanze na shule zenyewe. Kaskazini mwa Italia, kijijini Pollenzo karibu na mji wa Bra, kuna chuo kikuu cha sayansi za chakula kilichofunguliwa mwaka 2004 kwa juhudi za chama cha Slow Food. Ufaransa, katika miji ya Dijon na Bordeaux, shule kubwa za biashara zina masteri za divai. Hapa Afrika, Chuo Kikuu cha Stellenbosch kiko katikati ya mashamba ya mizabibu ya Afrika Kusini, inchi ambako divai ya kwanza ilikamuliwa mwaka 1659. Anayeingia masteri hizo amekwisha kumaliza lisansi, iwe ya uchumi, ya kilimo, ya sheria au nyingine.

Wanafunzi hawashindi siku nzima wakionja divai. Wanapiga hesabu: chupa moja imekula pesa ngapi kabla ya kufika mezani, ukihesabu chupa tupu, kizibo, gari, ushuru na ile miezi ya kungoja. Wanajifunza sheria za majina ya bidhaa. Wanajifunza kufuatisha chakula kutoka shamba hadi duka, ili mtu akiugua ijulikane kosa limetoka mzigo gani. Wanajifunza usafi, vyumba vya baridi, na mikataba na wanunuzi wakubwa. Kuonja nako kunafundishwa, tena kwa kipimo, kwa sababu muuzaji asiyejua ladha ya mali yake anadanganywa kirahisi na mnunuzi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa soko la kijiji, ni kweli: mama mwenye maharagwe mazuri anajulikana. Lakini kitu kikivuka mlima, kikapanda ndege, kikauzwa na mtu ambaye hakumuona aliyekitengeneza, uzuri wake unahitaji ushahidi. Biashara yote ya divai ya Ulaya imejengwa juu ya ushahidi huo.

Wafaransa walilijua mapema. Mwaka 1925 walitunga sheria juu ya fromaji moja tu, Roquefort, ili mtu wa mahali pengine asiuze fromaji yake kwa jina hilo. Mwaka 1935 wakaweka utaratibu mzima wa majina ya asili kwa divai. Leo mtu wa Ulaya anaweza kutengeneza divai yenye mapovu inayofanana na Champagne, lakini kuiita Champagne haruhusiwi kama zabibu hazikutoka kule. Udongo, desturi ya wazee, namna ya kutengeneza: hayo yote yameandikwa, na kuna wakaguzi.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa fromaji ya Comté, katika milima ya Jura, Ufaransa. Kule pia ni baridi, majani na ng'ombe. Fromaji moja nzima ina uzito wa kilo karibu 40 na inahitaji lita karibu 400 za maziwa. Hakuna mfugaji mdogo aliyeweza kupata maziwa hayo yote peke yake kwa siku moja, kwa hiyo tangu karne nyingi vijiji viliyaweka pamoja katika nyumba moja ya kutengenezea. Umoja ule wa maziwa ndio uliowapa nguvu ya kudai jina, na mwaka 1958 jina likapata ulinzi wa sheria.

Fromaji yetu inaitwa ya nani?

Sasa turudi milimani kwetu. Wageni wengi waliofika Masisi waliifananisha na Uswisi, na hawakukosea sana: vilima, ukungu wa asubuhi, malisho ya kijani, ng'ombe. Ufundi wa fromaji ulikuja na Wazungu, walowezi na mapadri, halafu wenyeji wakaushika. Kazi inajulikana na watu wengi wanaosoma ukurasa huu. Maziwa ya asubuhi yanapashwa moto, yanatiwa dawa ya kugandisha, maji yanakamuliwa, kile kilichobaki kinawekwa katika umbo la mviringo, kinatiwa chumvi, kinalazwa juu ya mbao hadi kikauke. Karibu lita 10 za maziwa zinatoa kilo moja. Halafu pikipiki inashusha mzigo hadi Sake na Goma.

Lakini fika Kinshasa, uliza mtu wa dukani ile fromaji ya mviringo inaitwaje. Wengi watakuambia: fromage de Goma. Goma imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, malisho hakuna. Maziwa yalitoka Masisi, mikono ni ya Masisi, jina likabaki njiani.

Mtu anaweza kusema jina halijazi tumbo. Hapo ndipo tunapoomba mchimbaji atusaidie kufikiri, kwa sababu yeye ameyaona. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema machimbo ya Rubaya, jirani na Kibabi, yanatoa karibu asilimia 15 ya coltan ya dunia nzima. Mchimbaji anauza kwa PDG wa shimo au kwa mnunuzi wa hapo hapo, huyo anauza kwa kontwari, kontwari inauza inje. Kila anapopita, jiwe linapata karatasi mpya, na mara nyingi linafika kiwandani likiwa na jina la inchi nyingine. Etiketi inayofungwa kwenye mfuko ni kitu kidogo cha plastiki, lakini mfuko wenye etiketi na mfuko usio nayo havina bei moja.

Na karatasi ikikataliwa, kazi inasimama. Septemba 2010 rais wa wakati ule, Joseph Kabila, alifunga uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na haukufunguliwa hadi Machi 2011. Februari 2025 serikali ya Kinshasa iliweka machimbo 38 ya Masisi na Kalehe katika rangi nyekundu, maana yake mali yake haina ruhusa ya kuuzwa kisheria. Mara zote mbili uamuzi ulitoka mbali, na aliyelala njaa ni mwenye sepeto. Wengi walirudi kwenye shamba na kwenye ng'ombe wa jamaa. Kumbe chakula ndicho kilichowabeba, na hicho chakula hakuna mtu aliyekisomea biashara.

Majirani wamefanya nini

Mambo haya yamekwisha kujaribiwa karibu nasi. Shuka hadi Minova, kando ya ziwa. Kwa miaka mingi wakulima wa kahawa wa pale, wakikosa mnunuzi mwenye bei, walikuwa wanavusha kahawa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda. Kuna waliozama, wakaacha wajane na yatima. Kahawa iliyofika salama iliuzwa kwa jina la kule. Mwaka 2003 wakulima wakaunda koperative SOPACDI. Walijenga mahali pa kuosha kahawa, wakapata vyeti vya biashara ya haki, wakaanza kuuza moja kwa moja kwa wanunuzi wa Ulaya. Katika Kivu kukapatikana vijana wenye kazi ya kuonja kahawa na kuipa alama, na mashindano ya Saveur du Kivu yakaleta wanunuzi wageni kuja kuonja hapa hapa. Mti ni ule ule, kilima ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu upande wetu anayeweza kumwambia mnunuzi: kahawa hii ina alama hizi, na hii ndiyo sababu ya bei.

Panda kaskazini hadi Mutwanga, katika teritware ya Beni. Kakao ya kule ilizoea kuvuka kwenda Uganda katika magunia. Shirika linaloongoza Hifadhi ya Virunga lilijenga kiwanda kidogo cha chokoleti, kinachotumia umeme wa mto, na mtaalamu wa chokoleti kutoka Ubelgiji, Dominique Persoone, akashiriki kufundisha vijana. Chokoleti inatoka ikiwa imeandikwa Virunga. Jina ambalo dunia ililizoea kwa sokwe na kwa vita, sasa linauza chokoleti pia.

Mbali kidogo, Kameruni, wakulima wa pilipili ya Penja wanalima kwenye udongo wa volkano kama wetu. Mwaka 2013 jina la pilipili yao likapata ulinzi katika OAPI, shirika la mali ya akili linalounganisha inchi 17 za Afrika. Baada ya hapo bei ya mkulima ilipanda sana. Congo yetu haimo katika OAPI, lakini sheria yetu wenyewe ya mali ya viwanda, ya tarehe 7 Januari 1982, inazungumzia majina ya asili ya bidhaa. Mlango upo. Unangoja mtu mwenye ujuzi wa kuandaa makaratasi, na kikundi cha wafugaji kinachokubali kufuata kanuni moja.

Hapa Masisi kwenyewe kulikuwa na watu waliotoka katika ujuzi huo. Watawa wa Mokoto walikuja mwaka 1954 kutoka abasia ya Scourmont, Ubelgiji. Ile abasia inatengeneza bia tangu 1862 na fromaji tangu 1876, vyote kwa jina la Chimay, na kwa jina hilo inajulikana dunia nzima. Vita ikawafikia watawa wa Mokoto mwaka 1996, wakalazimika kukimbia. Tunalikumbusha hilo ili mtu asidhani kwamba mambo ya jina na asili ni ya watu wa mbali tu.

Na divai je? Zabibu hazioti huku. Karibu kwetu utazipata Dodoma, Tanzania, ambako wamisionari walizipanda, na wakulima wake wanajua uchungu wa kuvuna zabibu na kukosa mnunuzi. Lakini sisi tuna kasiksi. Mama anayeivisha ndizi, anazikamua, anachanganya na mtama na kuhesabu siku za kuchacha, anafanya kazi ile ile ya mtengeneza divai. Tofauti ni kwamba kasiksi yake haikai, haina chupa, haina kipimo cha nguvu, na kila mtungi una ladha yake. Pembeni ya kambi ya wachimbaji, Primus inafika hata pasipo na barabara, kasiksi inabaki kijijini. Kijana aliyesomea vinywaji angeweza kuanzia hapo, kabla ya kuota juu ya Bordeaux.

Diploma haifungui barabara

Tusidanganyane. Kuna vitu ambavyo masteri haiviwezi. Rubaya iko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, Goma tangu Januari 2025. Tangu wakati huo uwanja wa ndege wa Goma umefungwa kwa ndege za biashara, na fromaji iliyokuwa inapanda ndege kwenda Kinshasa ikakosa njia yake. Mabanki ya Goma yalifunga milango. Ng'ombe walioibiwa au kuuawa katika vita hizi za miaka thelathini hawarudishwi na diploma. Malisho nayo yana kesi zake: kuna mashamba makubwa ya wachache, na pembeni familia zisizo na pa kufunga hata mbuzi.

Hata wakubwa wanaanguka. Heineken, iliyokuwa na Bralima wakati ule, haikosi wasomi wa biashara ya vinywaji. Juni 2025 ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa majengo yake ya Bukavu na Goma, na ikaondoa wafanyakazi wake. Kama kampuni ya ukubwa ule inaweza kuondolewa, kijana mwenye cheti na fromaji mia mbili atafanya nini?

Tunajibu hivi: kitu kidogo kinajificha kinapotikisika, halafu kinarudi. Fromaji ya Masisi imepita vita ya 1993, ya 1996, ya 1998 na zilizofuata, na haijakufa. Inatengenezwa kwa sufuria na mbao. Ujuzi unakaa katika kichwa cha mtu, na mtu akikimbia anakimbia nao. Shimo haliwezi kukimbia, na coltan ya shimo moja ikiisha hairudi. Kama pesa ya shimo haijageuka kuwa kitu kingine kabla ya siku hiyo, mtoto atarithi shimo tupu.

Hesabu ya familia

Basi mzazi afanye nini mtoto akileta ombi hili? Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo tuchukue daftari.

Masteri za namna hii katika shule za Ulaya zisizo za serikali mara nyingi zinapita euro 10,000 kwa minervali peke yake. Bado nyumba, chakula, visa, tiketi ya ndege, na pesa ya kuonyesha ubalozi. Familia ya mchimbaji inayouza ng'ombe wote na shamba ili kumsafirisha mtoto mmoja inacheza kamari. Visa ikikataliwa, ng'ombe wamekwisha kwenda. Visa ikitoka, mtoto akabaki kule akiosha sahani, jina la fromaji yetu linabaki pale pale lilipo. Ushauri wetu kwa upande huu ni mfupi: usiuze kitu kinachozaa ili ununue karatasi. Mtoto mwenye uwezo atafute bursa, na mzazi amsaidie kwa madogo: pasipoti, intaneti, tafsiri ya diploma.

Njia ya pili ni fupi na inajulikana. Lisansi ya kilimo au ya uchumi inapatikana karibu: Chuo Kikuu cha Goma, ULPGL, na Butembo kuna Université Catholique du Graben. Mwanafunzi wa hapo anaweza kuchagua fromaji ya Masisi iwe kazi yake ya mwisho wa masomo: maziwa kiasi gani, hasara kiasi gani, mnunuzi ni nani, kwa nini fromaji nyingine inachacha njiani. Kazi kama hiyo, iliyoandikwa vizuri, ndiyo inayomfungulia mtu bursa ya masteri, kwa sababu shule za chakula zinatafuta mtu mwenye kitu cha kwao cha kuzungumzia. Mtoto wa Kibabi ana kitu ambacho kijana wa mji mkubwa wa Ulaya hana: anajua harufu ya maziwa yanayoganda, na anajua pia mnunuzi anavyoibia kilo kwenye mizani.

Tunaongeza neno kwa ajili ya mabinti. Mara nyingi pesa ya masomo ikiwa kidogo, kaka ndiye anayechaguliwa. Lakini anayeuza sokoni, anayepika kambini, anayejua mteja anapenda nini, ni nani? Kazi ya chakula iko tayari mikononi mwa mama na dada zetu. Kumpeleka masomoni yule ambaye tayari anaifanya kunaokoa nusu ya safari.

Mwisho, hata msomi mmoja mwenye masteri atarudi akute nini? Kama kila mfugaji anauza fromaji yake peke yake, huyu na chumvi nyingi, yule na maji, hakuna jina litakaloshika. Roquefort na Comté zilianza na watu wa kijiji kukubaliana: maziwa safi ya namna hii, siku za kukausha kiasi hiki, alama moja. Makubaliano hayo hayahitaji diploma wala ruhusa ya Kinshasa. Wafugaji kumi wanaweza kuyaanza mwezi ujao, na daftari moja, mizani moja isiyodanganya, na muhuri wa mbao wenye neno Masisi wa kugonga juu ya fromaji kabla haijashuka Sake.

Hapo masteri inapata kazi. Atakayeisoma atakuwa na kitu cha kutetea na watu waliomtuma, na wao watakuwa na mtu wa kuketi mbele ya mnunuzi akiwa na hesabu mkononi. Wale wanaocheka leo watauliza swali lingine: huyu mtoto anarudi lini?